Shahidi wa Aliyenyamaza

Ndoa hufungwa kwa maneno mbele ya mashahidi, na mauti huifungua bila ya kungoja neno la mtu. Kati ya kufungwa huko na kufunguliwa huko pamezuka hali ambayo wazee wa zamani hawakuijua. Mume au mke hulala kitandani. Moyo wake wapiga, kifua chake chapanda na kushuka, mwili wake una joto. Lakini aitwapo haitiki, aguswapo hajui, na madaktari hawana tumaini kwamba atajua tena. Mwenziwe huitwa kando, akaulizwa neno ambalo hapana kungwi wala shekhe wala padri aliyemfundisha jibu lake: matibabu yaendelee, au yakomeshwe?

Watu walio wengi hudhani kwamba ugumu wa jambo hili u katika jibu. Ugumu u katika swali. Mwenzi wa ndoa huulizwa ataka nini, kama kwamba uhai wa mgonjwa ni shamba alilorithi. Kisha, akisha kujibu, hushitakiwa kwa kujibu. Akisema matibabu yaendelee, huambiwa kwamba anamtesa mgonjwa na kuimaliza mali ya watoto. Akisema yakomeshwe, huambiwa kwamba amemwua. Haki yataka swali jingine kabisa: mgonjwa mwenyewe angalisema nini kama angaliweza kusema? Mbele ya swali hili mume au mke si hakimu, si mrithi, wala si mwuaji. Ni shahidi. Na desturi yo yote inayomnyima shahidi huyu cha kushuhudia, yaani ile desturi ya kunyamaza juu ya kufa ambayo katika Afrika Mashariki husifiwa kuwa ni adabu, si adabu. Ni ukatili uliovaa kanzu ya adabu.

Swali hili ni jipya, na upya wake yafaa ukumbukwe. Zamani mtu aliyezimia asiweze kumeza wala kupumua alikufa kwa saa au kwa siku chache, na jamaa waliomzunguka hawakuwa na la kuamua ila kumlowesha midomo kwa maji na kumwombea. Mwaka wa 1952 maradhi ya polio yaliushambulia mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark. Daktari Bjørn Ibsen alionyesha kwamba wagonjwa wasioweza kupumua waweza kuokolewa kwa kusukumiwa hewa kwa mpira uliotiwa kooni, na kwa kuwa mashine zilikuwa haba, mamia ya wanafunzi wa udaktari walishika zamu usiku na mchana wakikamua mifuko ya hewa kwa mikono yao. Kazi ile njema ilikuwa chanzo cha vyumba vya wagonjwa mahututi vilivyoenea duniani. Lakini mkono uliojifunza kumpumulia mtu ulitakiwa pia ujue wakati wa kuacha, na hilo haukufundishwa.

Wakubwa wa dini na wa elimu hawakukawia kulitazama jambo hili. Tarehe 24 Novemba 1957, Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa usingizi waliomwuliza, akasema kwamba mtu hulazimika kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uhai, wala halazimiki kutumia zile zisizo za kawaida. Mwaka wa 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilitoa vipimo vya kumtambua mtu ambaye ubongo wake umekufa wakati moyo wake ungali ukipiga. Mwezi wa Oktoba 1986 baraza la kimataifa la wanazuoni wa fikihi ya Kiislamu, lililokutana Amman nchini Jordan, liliamua kwamba mtu ambaye kazi zote za ubongo wake zimekoma pasipo kurejea, kwa ushuhuda wa madaktari mabingwa, huhesabiwa amekufa kwa hukumu ya sheria, na kwamba yajuzu kumwondolea vyombo vya kumhuisha. Basi asemaye kwamba dini zimelinyamazia jambo hili hakuzisoma.

Hapana budi kuzitenga hali tatu ambazo mazungumzo ya watu huzichanganya. Aliyekufa ubongo amekufa. Mashine huyaendesha mapafu yake kama upepo uendeshavyo tanga la chombo kisicho na nahodha, na kuiondoa si kumwua, maana aliyekufa hafi tena. Aliyezimia, ambaye madaktari husema yu katika koma, amefumba macho na hazinduki. Hali hii kwa kawaida haipiti majuma machache, kwani mgonjwa hufa, au huzinduka, au huingia katika hali ya tatu. Hali ya tatu ni ngumu kuliko zote. Macho hufunguka, mgonjwa hulala na kuamka, hupumua mwenyewe, pengine hutoa sauti au machozi, lakini hapana dalili kwamba nyuma ya macho yale yuko mtu anayeona. Bryan Jennett wa Glasgow na Fred Plum wa New York waliipa hali hii jina mwaka wa 1972. Aliye katika hali hii hahitaji mashine ya kupumulia; huhitaji mpira wa kulishia tu, naye aweza kuishi hivyo miaka mingi. Ni hapa ndoa hutahiniwa.

Mtihani wa namna hii uliopata kusikiwa mbali ni ule wa Terri Schiavo, wa mji wa St. Petersburg katika Florida, Marekani. Tarehe 25 Februari 1990, akiwa na umri wa miaka 26, alianguka nyumbani kwake. Moyo wake ulisimama, na kabla ya kurejeshwa mapigo yake ubongo ulikuwa umekosa hewa kwa muda uliouharibu. Hakuwa ameandika neno lo lote juu ya matibabu ambayo angeyataka au angeyakataa. Nani huandika mambo hayo katika umri wa miaka 26? Mumewe, Michael, alimshughulikia pamoja na wazazi wake, Robert na Mary Schindler, akampeleka hata California kwa jaribio la kutiwa chombo ndani ya ubongo. Halikufaa kitu. Mwaka wa 1993 mume na wakwe waligombana. Mwaka wa 1998, baada ya miaka minane, mume aliiomba mahakama iamue kama mpira wa kulishia uondolewe.

Yafaa kutazama kwa makini mahakama iliuliza nini, maana kelele zilizofuata ziliyafunika maneno yake. Jaji George Greer hakumwuliza mume anataka nini, wala hakuwauliza wazazi wanataka nini. Aliuliza Terri alisema nini. Mume alishuhudia, na nduguye akashuhudia, na shemeji yake wa kike akashuhudia, kwamba katika maongezi ya siku za uzima, pengine kwa sababu ya msiba na pengine kwa sababu ya habari iliyoonekana katika televisheni, Terri alisema kwamba hangependa kuishi kwa mashine. Wazazi nao walileta mashahidi wao. Mwezi wa Februari 2000 Jaji aliamua kwamba ushahidi wa wazi na wenye kusadikisha wathibitisha kuwa mgonjwa mwenyewe angalikataa. Hukumu ile ilikuwa ya kurudisha neno kwa mwenyewe.

Yaliyofuata yaonyesha jinsi umma usivyopenda neno kurudi kwa mwenyewe. Mpira uliondolewa mwezi wa Aprili 2001, ukarudishwa baada ya siku mbili. Uliondolewa tena Oktoba 2003; Baraza la Florida likatunga sheria ya haraka iliyompa Gavana Jeb Bush uwezo wa kuurudisha, naye akaurudisha; Mahakama Kuu Kabisa ya Florida ikaibatilisha sheria ile mwezi wa Septemba 2004. Uliondolewa mara ya tatu tarehe 18 Machi 2005. Bunge la Marekani lilikutana mwisho wa juma kwa ajili ya mwanamke mmoja, na Rais George W. Bush alirudi Washington kutoka Texas kuitia saini sheria iliyowapa wazazi mlango wa mahakama za shirikisho. Mahakama hizo hazikubadili neno. Terri alikufa tarehe 31 Machi 2005, akiwa na umri wa miaka 41. Mwili ulipopasuliwa ubongo wake ulikuwa na uzito wa gramu 615, karibu nusu ya uzito uliotazamiwa, na sehemu za kuonea zilikuwa zimekufa. Picha zilizoonyeshwa duniani, ambamo alidhaniwa kumtazama mama yake, zilikuwa picha za kipofu.

Walipokuwa wakibishana juu ya Terri, watu walimshitaki mumewe. Walisema kwamba alipewa fedha. Ni kweli, baada ya madai ya mwaka wa 1992 juu ya matibabu yake ya kabla ya ugonjwa, kiasi cha dola 750,000 kiliwekwa kwa ajili ya matunzo ya mke, na mume naye akapata fungu lake. Walisema kwamba aliishi na mwanamke mwingine, akapata naye watoto wawili, hali mke wake yu hai. Hilo nalo ni kweli. Basi, wakasema, ushahidi wake ni bure.

Hoja hii ina nguvu kwa mtu asiyeifikiri. Mke au mume wa mgonjwa wa namna hii hukaa mahali ambapo hapana jina. Mke aliyefiwa na mumewe katika Uislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, na siku hizo zikiisha ulimwengu hujua la kumfanyia. Lakini mke ambaye mumewe amelala miaka minane macho wazi hajui hata siku ya kwanza ya eda yake ni ipi. Si mjane, na hana mume wa kushauriana naye. Kumtaka mtu akae mahali hapo miaka 15 bila ya kuyumba, kisha kuufanya mwyumbo wake kuwa sababu ya kulikataa neno lake, ni kumtega. Wala si yeye peke yake aliye na maslahi. Wazazi wana maslahi ya kutozika mtoto. Hospitali ina maslahi ya kulipwa, au ya kupata kitanda. Mwanasiasa ana maslahi ya kura. Shahidi mwenye maslahi huhojiwa, hulinganishwa na wengine, hutafutiwa wa kumthibitisha, na ndivyo Jaji Greer alivyofanya. Hafukuzwi barazani. Ukimfukuza kila mwenye maslahi karibu na kitanda cha mgonjwa, hatabaki ila fundi wa mashine.

Mfano wa pili watoka Ufaransa, na mafunzo yake ni machungu zaidi. Vincent Lambert alipatwa na ajali ya gari mwezi wa Septemba 2008, akalazwa hospitali ya Reims bila ya fahamu za kusema wala kuitika. Alikuwa mwuguzi. Mtu huyu aliijua mipira na mashine kama mvuvi ajuavyo nyavu. Na juu ya hayo, tangu Aprili 2005 nchi yake ilikuwa na sheria iliyomruhusu kila mtu mzima kuandika mapema matibabu asiyoyataka. Hakuandika. Mkewe, Rachel, alishuhudia kwamba mumewe alikuwa akimwambia kuwa hangependa kuishi katika utegemezi wa namna ile. Wazazi wake walipinga. Ubishi ulipita katika mahakama za Ufaransa, ukafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo tarehe 5 Juni 2015 iliamua kwa majaji 12 dhidi ya 5 kwamba kukomesha matibabu hakuvunji haki ya kuishi. Hata hivyo ubishi uliendelea miaka minne mingine, na Vincent alikufa tarehe 11 Julai 2019. Mganga hajigangi.

Kesi hii ina kosa moja ambalo upande wa mke haufai kufichiwa. Mwezi wa Aprili 2013 madaktari walianza kupunguza chakula na maji baada ya kushauriana na mke, lakini wazazi hawakupewa habari. Na mwezi uliofuata mahakama iliamuru alishwe tena kwa sababu hiyo. Mahakama ilifanya haki. Mwenzi wa ndoa ni shahidi wa kwanza, wala si shahidi wa pekee. Mama aliyemlea mtu, ndugu waliokua naye, rafiki waliosafiri naye, wote wamesikia kitu. Kuwaficha ni kuugeuza ushahidi kuwa njama.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye vyombo vingi na nafasi ya kwenda mahakamani. Nairobi ilipata kulia kwa kilio hicho hicho, ingawa mgomvi wake alikuwa amekwisha kufa. Wakili mashuhuri S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulisema Mjaluo huzikwa kwao. Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu ya mwisho tarehe 15 Mei 1987, ukoo ukashinda, na maiti ikazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei, baada ya miezi mitano. Marehemu alikuwa mwanasheria. Aliwaandikia wengine makaratasi, yeye mwenyewe hakuacha hata moja. Kaburi si kitanda cha hospitali, na mila ya mazishi ina uzito wake. Lakini swali lililoulizwa Nairobi lilikuwa lile lile la Florida na Reims: nani husema kwa niaba ya mtu asiyeweza kusema, aliyelala naye miaka yote au aliyezaliwa naye? Ugomvi uliotokea juu ya maiti utatokea, nao umekwisha kuanza kutokea, juu ya wagonjwa, kadiri vyumba vya mahututi vinavyozidi katika miji ya Kenya na Tanzania.

Wapinzani wa neno la mwenzi wa ndoa huja na hoja nne. Hoja ya kwanza ni ya damu: mke hupatikana, mama hapatikani, ndugu ni wa kuzaliwa, mume ni wa kuokota. Usemi huu hutamkwa kama kwamba ni hekima ya kale, lakini wenye kuutamka huusahau wakati wa kumtafuta wa kumsafisha mgonjwa, kumgeuza ubavu asipate vidonda, na kukesha naye. Damu yathibitisha nasaba, haithibitishi maongezi. Kinachotafutwa hapa ni nini mtu alisema usiku taa zilipozimwa, alipoona jirani amelala mwaka mzima kwa kiharusi, aliporudi mazikoni. Maneno hayo kwa kawaida husemwa chumbani.

Hoja ya pili ni ile ya kusema, "Tumwachie Mungu." Neno hili ni tukufu, na kwa sababu ya utukufu wake halifai kutumiwa kama pazia. Aliyekwisha kutiwa mpira kooni na sindano mkononi hakuachwa kwa Mungu peke yake. Binadamu wamekwisha kuingia kati, na kuendelea ni tendo lao kama kuacha kulivyo tendo lao. Mwenye kumwachia Mungu kweli hana budi kukiri kwamba yapo mambo mawili mbele yake, si moja. Mcha Mungu aweza kuchagua kuendelea, na mcha Mungu aweza kuchagua kukoma. Asiyeweza kujiita mcha Mungu ni yule anayemwachia Mungu lawama na kujiachia mwenyewe sifa.

Katika hoja hii limo jambo zito kuliko mengine, nalo ni chakula. Mashine ya kupumulia yaonekana kuwa dawa. Lakini uji na maji? Kumnyima mtu maji, hata adui, ni laana kwa watu wa pwani na wa bara. Papa John Paul II alisema mwezi wa Machi 2004 kwamba kumlisha na kumnywesha mgonjwa wa hali ile ya macho bila fahamu, hata kwa mpira, kwa asili yake ni huduma ya kawaida, na yapasa kuendelea. Madaktari wengi na mahakama za Marekani na Ufaransa waliuhesabu mpira ule kuwa matibabu. Hapana haja ya kuwadhihaki walio upande wa Papa. Haja ni kuona kwamba ubishi huu wenyewe wathibitisha haki ya swali lililo sahihi. Kama mgonjwa alikuwa Mkatoliki aliyeishika kauli ile, au alipata kusema, "Nisiachwe bila ya chakula," basi mke wake hana ruhusa ya kumwacha, hata ukoo mzima uchoke na mali yote iishe. Shahidi wa kweli hushuhudia uhai na hushuhudia mauti kwa kinywa kimoja. Anayemwogopa shahidi kwa kudhani kwamba daima atasema, "Ondoa," hakuelewa maana ya ushahidi.

Hoja ya tatu ni ya matumaini. Watu husimulia habari za walioamka. Terry Wallis wa Arkansas aliumia katika ajali mwaka wa 1984, akaanza kusema mwaka wa 2003. Mwaka wa 2006 Adrian Owen na wenziwe wa Cambridge walionyesha kwamba mwanamke aliyedhaniwa hana fahamu, alipoambiwa awaze anacheza tenisi, ubongo wake ulifanya kazi kama wa mtu mzima wa afya. Habari hizi ni za kweli, nazo zimewafunza madaktari unyenyekevu: mwaka wa 1994 walisema hali ile ikipita miezi mitatu kwa aliyekosa hewa, au miezi 12 kwa aliyeumia kichwa, ni ya kudumu, mwaka wa 2018 chuo cha madaktari wa ubongo cha Marekani kililiacha neno "kudumu" kikataka litumike neno "sugu". Basi mwenzi wa ndoa ana haki, tena ana wajibu, wa kungoja, kutaka vipimo virudiwe, na kumwuliza daktari wa pili. Lakini Wallis alikuwa na fahamu kidogo zilizokuwa zikionekana kabla ya kusema, na ubongo uliopigwa si sawa na ubongo uliokosa hewa. Tumaini lenye macho husaidia. Tumaini lililofumba macho humchukua mgonjwa mmoja na kumfanya bahati nasibu ya wote.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo iamuayo mara nyingi: fedha. Katika hospitali za binafsi za miji mikubwa ya Afrika Mashariki gharama ya siku moja ya chumba cha mahututi yaweza kupita mshahara wa mwezi wa mtu. Jamaa huchanga, kiwanja huuzwa, na siku mchango unapokauka uamuzi hufanyika wenyewe, kisha huitwa mapenzi ya Mungu. Hapana aibu katika umaskini. Aibu ni kwamba mke ambaye hakuulizwa lo lote ila risiti, baadaye hunong'onezwa matangani kuwa alichoka mapema. Ingekuwa heri kwake kama angalikuwa na neno la mumewe la kusimama juu yake, liwe neno la kuendelea mpaka kiwanja kiishe, au neno la kuwabakishia watoto kiwanja.

Lugha yenyewe ina sehemu katika dhuluma hii. Mazungumzo ya watu huanza kwa kusema, "Alikubali mashine izimwe," na baada ya mitaa miwili yamekuwa, "Alimzima mumewe." Kitenzi kimoja chatosha kumfanya mjane mwuaji. Lakini Kiswahili kina usemi mwingine, wa zamani na wa haki zaidi. Mtu afapo husemwa kwamba amekata roho. Anayekata ni yeye, si mkewe, si daktari, si mashine. Husemwa ameaga dunia, na aagaye ni mwenye safari. Waliozitunga semi hizi walimwacha mwenye kufa awe mtenda katika kufa kwake, hata alipokuwa hana nguvu ya kuinua mkono. Huo ndio wajibu wa shahidi: kumrudishia mgonjwa nafasi ya mtenda katika sentensi yake ya mwisho.

Hapo ndipo desturi ya kunyamaza hukutwa na hatia. Mtu akianza kusema, "Nikizimia nisizinduke..." huambiwa asijitabirie, kwamba huo ni uchuro. Mtu huyo huyo huruhusiwa kuusia sanda, kuchagua mahali pa kaburi, kugawa minazi na kuusia theluthi ya mali yake kwa asiyemrithi. Kwa nini wasia wa minazi usiwe uchuro, na wasia wa mwili uwe uchuro? Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari. Na uhai hauna daftari? Hakuna anayekufa kwa kuwa alizungumza juu ya kufa. Terri Schiavo alibakiza maongezi machache ya mezani, na maongezi hayo yalilazimika kuchambuliwa kwa miaka saba na majaji, magavana na wabunge. Vincent Lambert hakuandika mstari mmoja, na mkewe akaishi miaka ya ujana wake akiitetea kumbukumbu dhidi ya wakwe. Waliwapenda wenzi wao, hapana shaka. Lakini mapenzi yasiyosema hayana cha kuachia shahidi.

Sheria nazo zimeanza kufungua mlango. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017, inaposema juu ya mgonjwa asiyeweza kutoa idhini, humtaja kwanza mtu aliyekabidhiwa na mgonjwa mwenyewe, ndipo huja kwa jamaa wa karibu. Mpango huo wa maneno una busara. Lakini sheria haiwezi kumkabidhi mtu neno ambalo hakuambiwa. Kazi hiyo ni ya nyumbani, nayo haihitaji wakili. Ni kusema, mbele ya mume au mke, na mbele ya ndugu mmoja wa kila upande ili mmoja asishitakiwe na mwingine: nikiwa sijijui, nataka nifanyiwe hiki, sitaki nifanyiwe kile, ningojeeni muda huu, fedha zitumike mpaka hapa, na anayeachiwa neno langu ni huyu. Kisha iandikwe na itiwe saini. Mwenye kutaka kuishi kwa kila mashine iliyopo aandike hivyo, na aheshimiwe.

Na daktari naye ajifunze kuuliza. Asimvute mke kwenye ukumbi akamwuliza, "Mama, unataka tufanyeje?" Amketishe pamoja na jamaa wengine, amwulize, "Mzee alikuwa mtu wa namna gani, na alipata kusema nini juu ya jambo kama hili?" Maneno ni machache, lakini swali la kwanza humpa mwanamke upanga, na la pili humpa kiti cha shahidi. Akitoka katika chumba kile, vyo vyote itakavyokuwa, atakuwa amefanya la mwisho alilopaswa kumfanyia mumewe. Na watu wakimwuliza matangani nani aliyeamua, ataweza kujibu bila ya kuinamisha macho kwamba mwenyewe ndiye aliyeamua.